Mvua ya Jumanne na Ijumaa

Alhamisi ile Chiriku alirudi kutoka shule kimya, na kimya hicho ndicho kilichomfanya Bibi anyanyue kichwa kutoka kwenye beseni. Mtoto huyo hakuitwa Chiriku bure. Siku nyingine sauti yake hutangulia kufika, akipiga soga na kila mtu tangu kona ya fundi saa, na akishaingia uani humwaga habari za siku nzima kabla hata ya kutua mkoba: upepo umetoka upande gani, kipimajoto kimesoma ngapi, nani amekosea akaambiwa arudie. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu mwalimu wao wa sayansi aanze masomo ya hali ya hewa, na kwa wiki zote hizo masikio ya nyumba ile hayakuwa yamepata likizo.

Leo alimwamkia bibi yake kwa sauti ya chini, akapita, akaenda kuchuchumaa mbele ya chupa yake.

Ilikuwa chupa ya maji ya plastiki, imekatwa shingo, na ile shingo ikageuzwa kichwa chini ikawa mdomo wa kupokelea mvua. Ubavuni ilibandikwa rula. Mwalimu aligawa chupa tano kwa nyumba tano za mtaa, na kila aliyepewa alipewa na daftari. Masharti yalikuwa machache, na Chiriku aliyashika kama aya. Chupa ikae mahali pa wazi, mbali na paa, mbali na mti, mbali na ukuta. Isomwe mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha imwagwe. Mtu asiichungulie mchana, asiisogeze, asiiguse. Siku ya kwanza kabisa alimsimamisha Bibi katikati ya uwanja akamwapisha. Bibi aliapa, mkono mmoja juu, mwingine umejaa povu.

Sasa alimuuliza kulikoni. Mtoto akatikisa kichwa. Bibi hakumharakisha. Alifua foronya mbili, akazikamua, akazitundika, na alipofika ya tatu maneno yakaanza kutoka yenyewe.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amekusanya madaftari yote matano ili wachore chati kubwa ya ukutani. Kesho mtaalamu wa hali ya hewa angekuja kuikagua, na shule ikionekana inapima vizuri ingepewa vipimo vya kweli, vya chuma, na uzio wake. Darasa zima lilikuwa halikaliki. Mwalimu akaanza kusoma. Kwa fundi saa: sifuri, sifuri, sifuri. Kwa muuza mkaa: sifuri. Nyumba zote nne, wiki tano, sifuri tupu, maana mvua ilikuwa haijanyesha na kila mtu alikuwa akitazama juu kuingoja. Kisha akafungua daftari la Chiriku. Milimita nne. Sifuri. Sifuri. Tano. Mvua mara nane.

Darasa lilicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mtoto wa fundi saa, ambaye alikaa dawati la nyuma yake na ambaye kutoka kwao hadi kwa kina Chiriku ni hatua mia moja na ishirini, walikuwa wamezipima, alimgonga begani akamuuliza kama kwao wana mbingu yao ya peke yao.

"Mwalimu alisemaje?" Bibi aliuliza.

Mwalimu hakucheka. Afadhali angecheka. Alilifunga daftari taratibu, akasema hili hawezi kuliweka mezani mbele ya mgeni, kwa sababu mgeni akishaona namba za kutunga hataamini hata zile za wenzake. Akamwambia mzazi aje kesho asubuhi. Na chupa atapewa mtoto mwingine.

"Uliandika kitu ambacho hakikuwamo?"

"Niliandika nilichokiona, Bibi. Nilidhani ni manyunyu ya usiku. Nilidhani na wenzangu wamepata."

Machozi yaliyokuwa yakimlengalenga tangu shuleni yakaporomoka. Bibi alifuta mikono kwenye khanga, akamvuta, akamkumbatia na harufu yake ya sabuni.

*

Mama yake Chiriku alikuwa anakata vitambaa kwenye kiwanda cha mashati, na alirudi magharibi miguu imemvimba. Aliisikiliza habari yote akiwa amesimama na kiatu kimoja mkononi. Kwanza alimgombeza mtoto. Pili alimgombeza mwalimu ambaye hakuwapo. Tatu akasema kesho yeye hawezi kwenda shule hata kwa dawa, maana msimamizi wao ni mtu wa kuhesabu hata dakika za msalani.

Kisha, kwa kuwa alimpenda mtoto na kwa kuwa alikuwa amechoka, akafanya jambo ambalo baadaye hakupenda kukumbushwa. Alitoa kifutio kwenye kikebe cha penseli, akakiweka juu ya daftari.

"Namba zenyewe ni nane tu," alisema. "Futa, weka sifuri kama wenzako. Kesho unamwambia mwalimu ulikosea kusoma, yamekwisha."

Chiriku alikitazama kifutio kile. Bibi naye alikitazama, na hebu tuseme ukweli, roho yake ilishawishika. Angeokoka na safari ya ofisini. Shule aliiacha darasa la tatu, na tangu hapo kila alipoingia ofisi ya walimu aliona kana kwamba bado wanaweza kumuuliza hesabu ya kuzidisha. Alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni na mashati ya watu wa maofisi, na kote huko alizoea kupitia mlango wa nyuma. Alifungua kinywa akubaliane na binti yake.

"Ilikuwamo," Chiriku akasema. "Nikiandika sifuri ndiyo nitakuwa nimedanganya."

Alikisukuma kifutio kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, kikadondoka, kikaviringika chini ya kitanda. Hakuna aliyekiokota. Mama mtu alikaa kitini, akacheka kidogo bila kutaka, akasema huyu mtoto ukaidi ameurithi mahali fulani, akamtupia mama yake jicho. Bibi akajidai hakuliona. Alisema basi kesho ataenda yeye.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya mashuka. Jumanne na Ijumaa, kijana wa nyumba ya wageni hushusha furushi mlangoni mara watoto wakishaenda shule, na kabla hawajarudi Bibi huwa ameshafua, ameshaanua na ameshakunja. Siku hiyo alipanga atundike ya kwanza, kisha aoge, avae gauni lake la heshima aende kumkabili mwalimu.

Alifunga ile kamba ndefu, ambayo haikai siku zote kwa sababu huwakata watu shingo, kutoka kwenye msumari wa mlango hadi kwenye nguzo ya upande wa pili. Akatundika kama anavyotundika siku zote. Dobi wa kubahatisha hutandaza shuka kambani, likachuruzika upande mzima, uwanja ukawa tope. Bibi hulibana kwa namna ya kulishusha pembe moja chini, maji yote yakateremka kufuata ile pembe na kudondokea mahali pamoja. Ufundi huo ulimchukua miaka. Tena tangu chupa ya mjukuu wake ilipokuja uwanjani, aliihamisha kamba makusudi ipite juu yake, ili mashuka yaizingire kama pazia, kuku wa jirani wasije wakaiangusha. Alijivunia wazo hilo. Hakuwahi kumwambia mtu.

Akageuka kwenda kuoga. Nyuma yake kitu kikasema: tu.

Alisimama. Tu. Halafu: tu, tu.

Aligeuka polepole kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua. Shuka lilikuwa limetulia. Kwenye ncha ya pembe yake tone lilivimba, likang'aa, likajitupa, likaingia katikati ya ule mdomo wa plastiki. Tu. Bibi alikwenda akachuchumaa, mikono amejifunga nyuma asije akavunja kiapo, akatazama tone la pili, la tatu, la kumi. Chini kabisa, juu ya mstari wa sifuri, kulikuwa na maji.

"Mama yangu," alisema peke yake. "Kumbe mvua ni mimi."

 Wiki tano. Jumanne na Ijumaa. Paa, mti, ukuta, mwalimu alivitaja vyote, na mtoto alivikwepa vyote. Shuka hakulitaja mtu. Gauni la heshima alilisahau, kuoga akakusahau. Alichovya shuka lingine kwenye maji ya kusuuzia, akalizoa zima zima ndani ya beseni, akatupia vibanio vinne, akajitwisha, akatoka.

Mtaa mzima ulimwona akipita. Fundi saa aliinua lenzi yake jichoni, akamuuliza kama nyumba inaungua. Bibi alimjibu bila kusimama kwamba hakuna kinachoungua, ila amwandalie mwanawe pole, ataihitaji. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni na mgongoni, kandambili zikipiga kofi, na mama wa makamo aliyekuwa akinunua mkaa akamwambia mwenzake kwamba yule bibi leo ama amepata ama amepatwa.

*

Lango la shule lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na msimamo. Alimtazama tangu khanga iliyolowa mpaka kandambili, akamwambia kazi za usafi zimeshapata mtu. Bibi akajikaza kisabuni. Alisema hakuja kutafuta kazi, ameitwa na mwalimu wa sayansi, ni mzazi. Na beseni? Beseni ni ushahidi. Mlinzi hakujua kanuni yoyote inayokataza ushahidi, akampisha.

Darasa lilikuwa uani, kwenye uwanja wa mpira, wakisoma mshale wa upepo kabla mgeni hajafika. Chiriku alisimama pembeni peke yake. Alipomwona bibi yake anakuja mbio na beseni kichwani, gauni la kufulia limemganda mwilini, alitamani ardhi impokee. Wenzake walianza kugunagunana. Mtoto wa fundi saa akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mvua ya Chiriku imekuja yenyewe kwa miguu.

Mwalimu alikuwa kijana, mwembamba, shati lake safi. Bibi alilijua shati lile, alilifua Jumatatu. Akaamkiwa, akaitika, na hapo ndipo maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkauka. Mwalimu akasema kwa upole, Bibi, labda tungezungumza ofisini. Neno ofisini likamzindua.

"Hapana, baba," alisema. "Alichekewa hapa hapa mbele ya wenzake. Nipe chupa moja ya hawa watoto, tupu, na unipe hilo goli lako."

Walimpa ile ya mfano ya darasani, yenye rula yake, zaidi kwa kushangaa kuliko kwa kukubali. Bibi alilitoa shuka, akalikamua. Watoto wawili wakaja kumsaidia kulikaza, akawafukuza. Akasema atalikamua kama anavyolikamua kila siku, si zaidi wala si pungufu, asije akawadanganya. Mwalimu alipoyasikia hayo uso wake ulibadilika. Aliwageukia watoto akawaambia wameyasikia maneno hayo, wayaandike. Bibi hakujua alichosema cha kuandikwa. Alilibana shuka kwenye mwamba wa goli, pembe moja chini, akaiweka chupa chini ya pembe, akarudi nyuma hatua tatu.

Darasa zima likasogea. Tone likavimba. Tu.

Hakuna aliyecheka. Tone la pili, la tatu, na ghafla watoto wote walikuwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi kuizunguka chupa, viatu juu, wakihesabu kwa pamoja. Mwalimu alitupa chaki akalala nao, na shati lake lile. Walipofika matone mia mbili mtu akapiga kelele kwamba imepita milimita moja. Wengine wakasema moja na nusu, wakaanza kugombana, na mtoto wa fundi saa akavua saa yake ya mkononi kupima ni matone mangapi kwa dakika.

"Bibi," mwalimu aliuliza kutoka chini nyasini, "unafua mashuka siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Chiriku, lete daftari."

Mtoto alilileta mbio, akafungua ukurasa wa kwanza. Chupa husomwa asubuhi, kwa hiyo maji ya Jumanne huandikwa Jumatano, na ya Ijumaa Jumamosi. Mwalimu akamwambia asome kwa sauti. Jumatano, nne. Jumamosi, tano. Jumatano, nne. Kila alipotaja siku, darasa liliitikia kama kibwagizo. Mara akafika wiki ya tatu, akasita. Jumatano ya wiki ile aliandika sifuri.

 Watoto walimtazama Bibi. Bibi naye akajitazama ndani, maana aliona jengo lote linataka kumwangukia kwa sababu ya siku moja. Jumanne ya wiki ya tatu. Akashika kiuno kufikiri, na kushika kiuno ndiko kulikomkumbusha.

"Mgongo," alisema. "Jumanne ile mgongo ulinikamata, nikalala kutwa. Sikufua hata kitambaa."

Kelele iliyopigwa hapo ilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Watoto waliruka, wakashikana, wakamrusha Chiriku juu kidogo wakamwangusha nusu, na yeye akawa anacheka huku analia, na ulimi ukamrudia wote kwa mkupuo, akaanza kumweleza kila mtu kitu ambacho kila mtu alikuwa amekiona kwa macho yake. Sifuri ile moja ilikuwa na nguvu kuliko namba nane zote. Mtoto ambaye angetunga, mwalimu alisema, asingejua bibi yake ataumwa mgongo.

Kisha akasimama, nyasi zimemganda kifuani, akasema jambo ambalo Bibi hakutarajia kulisikia kutoka kwa mtu mwenye chaki.

"Hili kosa ni langu. Nilipoona namba ambazo sizielewi, kazi yangu ilikuwa kwenda nyumbani kwao kuangalia. Ni hatua chache. Mimi nikamwita mtoto mwongo. Chiriku, nisamehe. Bibi, nisamehe na wewe."

Bibi alisema yamekwisha, halafu akaongeza kwamba shati hilo alilete leo leo, madoa ya nyasi yakilala hayatoki.

*

Mtaalamu wa hali ya hewa, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba mzito, alifika saa nne akakuta shule inapima mvua ya shuka golini. Mwalimu mkuu alijaribu kumwelekeza kwenye chati, akashindwa. Mgeni alivua viatu, akaingia nyasini, akataka aanziwe mwanzo. Chiriku akamwanzia mwanzo. Alipomaliza ndipo akapumua.

Mgeni aliyapitia madaftari yote matano. Yale manne yenye sifuri aliyasifu. Lile la tano alikaa nalo muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Ulipoona nje pakavu na chupa ina maji, hukutaka kuandika sifuri?" aliuliza.

"Nilitaka," Chiriku alisema. "Lakini ilikuwamo."

Mgeni aliandika kitu kwenye karatasi zake. Hakuahidi chochote, alisema majibu ya vipimo yatakuja kwa barua. Ila aliomba ruhusa ya kuzinakili kurasa zile, na akataka safu ya maelezo ijazwe. Basi Chiriku akakaa chini ya goli na kalamu, na mbele ya kila moja ya zile namba nane akaandika neno moja: shuka. Mbele ya ile sifuri ya wiki ya tatu akaandika: mgongo.

Mtoto wa fundi saa alimngoja langoni saa ya kurudi. Hakuomba radhi. Alimuuliza kama anaweza kuja kwao kesho kuona ile kamba, na Chiriku alimwambia aje, ila asiguse kitu.

Jioni mama yake alihadithiwa mara tatu na watu wawili kwa wakati mmoja. Aliposikia habari ya ile sifuri, aliinama akapapasa chini ya kitanda, akakitoa kifutio, akakitia mfukoni.

*

Kamba ilihamishwa, kuku wa jirani wakajengewa kizuizi cha matofali, na wiki nyingine moja na nusu ikapita ya sifuri safi. Kisha, Jumanne moja mchana, upepo ukageuka. Bibi aliunusa kabla ya mtu yeyote. Mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni yalikuwa kambani, manane yamekauka.

Maisha yake yote mvua ilikuwa adui yake wa kwanza. Tone la kwanza likigusa bati, mguu wake huwa umeshafika kambani kabla akili haijaamua. Siku hiyo lilipogusa alikimbia, ndiyo, lakini alijikuta amesimama katikati ya uwanja mbele ya chupa, mikono nyuma, maji yanamchuruzika usoni, akitazama mdomo wa plastiki unavyokunywa. Mashuka yalilowa yote kumi na mawili. Yangesuuzwa upya. Chiriku alirudi kutoka shule mbio, ameloa chapachapa, akamkuta bado yuko pale pale, akamkataza kusoma.

"Mpaka kesho, Bibi. Saa kumi na mbili na nusu."

Asubuhi Bibi aliamka wa kwanza. Chiriku alipotoka na daftari alimkuta ameshachuchumaa, miwani ya binti yake puani, akihesabu vistari vya rula kwa midomo. Mtoto naye akachuchumaa, jicho usawa wa maji kama walivyofundishwa, akasoma, kisha akamtazama bibi yake. Akampa kalamu. Bibi aliipangusa mikono yake mara mbili kavu kavu, akaandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la tatu: 17.

Kutoka ng'ambo ya pili, juu ya kuta na mapaa yanayodondosha maji, mtoto wa fundi saa alikuwa tayari anaita kuuliza wao wamepata ngapi. Chiriku akamjibu, akauliza na yeye. Kumi na sita, akasema.

"Kumi na sita?" Bibi alisimama, mkono kiunoni, akaielekeza sauti yake upande ule. "Waambie wakatazame vizuri. Labda kuna mtu kwao ameanua."